Mombasa, mji uliochomwa ukarudi: ngome, sahani na majina

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Goma. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa.)



Nimeombwa niwaeleze safari ya kutembelea mji wa zamani wa Wareno: majengo yake, chakula chake na desturi zake. Hapo mlangoni papa mmoja alishaniuliza: "Siye tuko tunatafuta mabati na mbegu, weye unatuletea stori za utalii?" Ni swali la haki, na sitalikimbia. Ninaomba tu munisikilize mpaka mwisho, kisha museme kama stori hii inafaa kwa mtu anayetafuta mabati.

Mji wenyewe hauko Ulaya. Ni Mombasa, kule Kenya. Nilienda juu ya mafunzo ya kazi ya siku tatu. Shirika ninalotumikia lililipa safari na mafunzo. Siku mbili za kutembea nililipa mwenyewe. Nasema hivyo mapema, maana kwetu hesabu husomwa mbele ya watu.

Kutoka hapa tulivuka Grande Barrière, tukashika basi mpaka Kigali, Kampala na Nairobi. Kutoka Nairobi kuna treni mpya iliyoanza kubeba watu mwaka 2017, nayo hukufikisha pwani kwa saa tano au sita. Kuanzia Uganda mpaka baharini tulipishana na malori kila wakati. Munajua balo za nguo tunazofungua Birere, na motokari kuukuu za Japani tunazoziona hapa mjini? Nyingi zilishuka kwenye bandari ile, au Dar es Salaam. Kwa hiyo tunaishi na Mombasa kila siku, ila wengi wetu hatujaiona. Na tangu 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya. Si mji wa kigeni sana.

MJI NA MOTO

Mji wa kale wa Mombasa uko kwenye kisiwa. Kabla Wareno hawajafika, ulishakuwa mji wa Waswahili wenye mfalme, misikiti na biashara na Arabuni na Uhindi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pale mwaka 1331 na akaandika habari zake.

Vasco da Gama alifika Aprili 1498. Mombasa haikumpokea vizuri, akaendelea mpaka Malindi, ambako alipata urafiki na mtu wa kumwongoza kwenda Uhindi. Miaka saba tu ikapita. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na merikebu nyingi, akaupora mji na kuuchoma moto.

Hapo ningependa musikilize vizuri. Imebaki habari ya barua ambayo mfalme wa Mombasa alimwandikia mfalme wa Malindi baada ya moto ule. Anamweleza kwamba waliouawa hawakuchaguliwa, mkubwa wala mdogo. Anasema harufu ya maiti ni kali mpaka yeye mwenyewe hathubutu kuingia mjini, na mali iliyochukuliwa haina hesabu. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka wengi wenu. Mtu anasimama kando ya kijiji chake, anaona moshi, na hawezi kuingia. Munajua hali hiyo kuliko mwandishi yeyote wa historia.

Sasa hesabuni. Mwaka 1528 Wareno wakarudi, chini ya Nuno da Cunha, wakaupora na kuuchoma tena. Mwaka 1589 wakarudi tena, na safari hiyo mji ulishikwa katikati: merikebu za Wareno upande wa bahari, na wapiganaji wanaoitwa Wazimba upande wa bara.

Mimi nilijiuliza jambo moja. Kama mji ulikufa mwaka 1505, mwaka 1528 walienda kupora nini? Mtu haibi kwenye nyumba tupu. Maana yake ni kwamba katika miaka ile 23 watu walirudi. Walijenga, walivua samaki, walipika, waliuza, walioa, mpaka mji ukawa na mali tena. Hakuna kitabu kinachotaja majina ya wale waliorudi. Jina la aliyechoma tunalo na tarehe yake. Majina ya waliorudi kuwasha jiko hatuna. Shikeni hilo, nitalirudia.

NGOME

Baada ya kuuchoma mji zaidi ya mara moja, Wareno waliamua kukaa. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome kwenye mdomo wa bandari, wakaiita Fort Jesus. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yaani mawe yanayotoka baharini, nene na ndefu, rangi kama ya udongo uliokauka. Sisi tunajenga juu ya makoro ya volkano, wao wanajenga na mawe ya bahari. Kila mtu anatumia kile ardhi yake ilimpa. Ukiiangalia ramani yake kutoka juu, ngome ina umbo kama la mtu aliyelala chali.

Ndani muna mizinga, kisima cha maji ya mvua, nyumba ya enzi ya Waomani, na ukuta wenye michoro ambayo askari na mabaharia Wareno walichora: merikebu, samaki, watu. Kuna pia chumba cha vitu vilivyotolewa baharini kutoka merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama hapo chini ya ngome mwaka 1697. Vyombo vya kulia na vitu vya baharia viko pale ndani ya vioo. Mwaka 2011 UNESCO iliitia ngome hii kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Ukisikia maneno hayo unaweza kudhani ngome ilileta usalama. Haikuleta. Kati ya 1631 na 1875 ilibadilisha mikono mara tisa. Mwaka 1631 aliyeishika ni Sultani Yusuf bin Hasan. Huyo Wareno wenyewe walimlea Goa, kule Uhindi, wakambatiza na kumpa jina la Dom Jerónimo, kisha wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao mwaminifu. Aliwageukia, akamuua kapteni wa ngome, akarudia jina lake la kwanza na dini ya baba zake.

Kisha ukaja mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Miezi 33. Waliofungiwa ndani hawakuwa askari Wareno peke yao. Kulikuwa pia Waswahili waliokuwa upande wao, pamoja na wanawake na watoto waliokimbilia kuta zile. Wengi waliuawa na ugonjwa na njaa kuliko risasi. Mwishoni walibaki wachache sana.

Nilisimama katikati ya uwanja wa ngome, jua la saa sita, nikawaza Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya. Watu wengi mahali padogo, maji ya kugawana, ugonjwa wa tumbo, na kila mtu anauliza lini itakwisha. Kwa mtalii ngome ni mahali pa kupiga picha. Kwa mtu aliyekaa kambini, pale panasema maneno mengine.

Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya ngome kuwa jela, mpaka 1958. Halafu ikatengenezwa, kwa pesa za wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon, ikawa makumbusho. Kwa hiyo Wareno waliijenga kwa kuwatawala watu, na pesa zilizotoka mji wao mkuu zikasaidia kuitengeneza ili watoto wa shule waingie na madaftari yao. Nimewaona: wamevaa yunifomu, wanapanda juu ya mizinga, mwalimu anawakemea washuke.

MANENO WALIYOACHA

Wareno walitawala pale karibu miaka mia moja, wakaondoka. Walirudi kidogo mwaka 1728, mwaka uliofuata wakafukuzwa tena. Walibakiza nini, zaidi ya ngome?

Walibakiza maneno, na munayatumia kila siku bila kujua. Mulipoingia hapa mulikaa mbele ya meza: ni neno la Kireno. Padri, Kireno. Mapera tunayokula njiani, Kireno. Karata ambazo vijana wanachezea kwenye kona, Kireno. Wenzetu wa pwani wanasema bendera, nalo limetoka kwa Wareno. Siye wa Kongo wengi tunasema drapo juu ya Kifaransa. Kila mtu na mtawala wake.

Neno linaloshangaza kuliko yote ni gereza. Limetoka kwa neno la Kireno la kanisa. Watu wa pwani waliona jengo la Wareno, lenye kanisa ndani na askari mlangoni, na neno la nyumba ya sala likawa la ngome, kisha la jela. Hakuna aliyekaa kuandika malalamiko marefu. Wananchi walitoa hukumu yao kwa neno moja, na hukumu hiyo imedumu zaidi ya miaka mia tatu.

Juu ya lugha, niwachekeshe kidogo. Mama mmoja wa kundi letu, mtu wa Rutshuru, aliingia soko la samaki la Mji wa Kale akasema, "Niko nataka kuuza samaki." Mwenye meza akamwangalia mikono, akaona mitupu. "Samaki wako wako wapi, mama?" Munajua kwetu kuuza ni kutoa pesa uchukue kitu, na kumpa mwingine kitu akulipe ni kuuzisha. Kule kuuza ni kinyume chake. Walibishana dakika tatu, soko lote likacheka, na mwishoni alipunguziwa bei. Yule muuzaji akatuuliza, "Kiswahili hiki chenu mlikitoa wapi?"

Jibu lake ni zito kuliko swali. Kiswahili chetu kilipanda kutoka pwani kupitia njia za misafara ya karne ya 19, iliyofika Nyangwe na Kasongo, kule Maniema. Misafara ile ilitafuta pembe za ndovu na watu. Lugha tunayopatania sisi wa makabila mbalimbali ndani ya chama hiki ilipita njia moja na minyororo. Haituzuii kuipenda. Lakini tujue ilivyofika.

SAHANI

Sasa chakula, maana naona wamama wananingoja.

Asubuhi na mapema Mji wa Kale unanuka iliki na mafuta ya moto. Kwenye mlango wa nyumba mama anakaa na karai yake, anakaanga mahamri, yaani ndugu wa mandazi yetu, ila unga umekandwa na tui la nazi na iliki. Yanaliwa na mbaazi zilizopikwa kwa nazi. Mchana kuna wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilau na biriani. Jioni kuna mishkaki, viazi karai, bajia, na wazee wanaokunywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo pamoja na haluwa. Harufu ya viungo sokoni hukufuata mpaka kitandani.

Ukitembea Ndia Kuu, barabara ya zamani, unaona milango ya mbao iliyochongwa na baraza za juu za mbao. Unapita Msikiti wa Mandhry, unaosemwa umejengwa mwaka 1570, mzee kuliko ngome yenyewe. Katika chakula kile na milango ile muna Uhindi, Arabuni na Afrika, vyote vimezoeana mpaka huwezi kuvitenga.

Lakini chakula kilichonigusa kiliuzwa nje ya Mji wa Kale, kando ya bahari, kwenye bustani ya Mama Ngina. Jioni watu wa Mombasa wanakaa pale kupunga upepo, na wanakula muhogo. Muhogo wa kuchoma, umepasuliwa, umetiwa chumvi, pilipili na ndimu. Karibu yake muhogo mwembamba wa kukaanga, na dafu la kuteremshia.

Muhogo! Chakula chetu. Siye tunatwanga majani tunapata sombe, tunasaga mizizi tunapata bugali. Lakini muhogo si wa Afrika kwa asili. Ulitoka Amerika, sawa na mahindi, maharage ya kawaida, karanga na pilipili. Katika karne ya 16 na zilizofuata merikebu za Wareno zilileta sehemu kubwa ya mimea hiyo kwenye pwani za Afrika, upande wa magharibi na upande wa mashariki, kisha watu wetu wenyewe wakaisogeza bara, shamba kwa shamba. Bugali, sombe na maharage unayokula Masisi yana historia ya bahari ambayo bibi yako hakuiona.

Sisemi tuwashukuru Wareno. Hawakuleta muhogo kwa kutuhurumia, na merikebu zao zilibeba watumwa pia. Nasema hivi: mwanamke wa Kiafrika aliuchukua mti wa kigeni, akajifunza kuondoa sumu yake kwa kuloweka na kukausha, akaufanya chakula cha kuokoa familia wakati wa vita, maana muhogo unangoja ardhini wakati wewe umekimbia. Wangapi hapa walirudi wakakuta nyumba imechomwa na muhogo bado uko shambani? Naona mikono.

Yule mama wa mahamri nilimuuliza amekaa kwenye mlango ule tangu lini. Akaniambia mama yake alikaa pale, na bibi yake kabla ya mama. "Serikali zimepita," akasema, "watu lazima wale asubuhi." Ngome ilibadilisha mikono mara tisa. Karai lile limebaki mikononi mwa ukoo mmoja. Nani alikuwa na nguvu?

KENGELE YA KENGELENI

Siku ya mwisho nilivuka daraja la Nyali kwenda upande wa bara. Watalii wengi hawaendi kule kuona historia, wanapita kwenda ufuo. Mimi nilienda juu yenu.

Pale kuna mtaa unaoitwa Freretown, na njia panda inayoitwa Kengeleni juu ya kengele ya zamani iliyosimamishwa hapo. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa kubanwa na Waingereza, alikubali kufunga soko la watumwa. Lakini watu waliookolewa baharini walikuwa hawana pa kwenda. Vijiji vyao viliharibiwa, au vilikuwa mbali sana, au walichukuliwa wadogo hawajui njia. Basi kati ya 1874 na 1875 misheni ya Anglikana ikaanzisha kijiji cha watu walioachiwa huru, ikakipa jina la Bwana Bartle Frere, Mwingereza aliyefanya mazungumzo na Sultani. Kengele ilipigwa kuwaonya watu wakati hatari ya kutekwa tena ilipokaribia. Tahadhari kwa waliorudi: munaona siyo jambo la leo.

Waliosaidia kukianzisha ni Waafrika waliokombolewa wakiwa watoto, wakapelekwa Uhindi, wakasoma Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudi pwani ya Afrika. Waliorudi hao ndio waliokuwa walimu, mafundi na wahubiri. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walitiwa daraja la ushemasi mwaka 1885. Na hawakukaa kimya: waligombana na wamisionari, maana walitaka sauti katika kuongoza watu wao, si kuongozwa tu. Wafadhili wetu wapendwa, hilo mulisikie kwa upole, lakini mulisikie.

Kati ya watu wa kundi lile kulikuwa mtu aliyeitwa Matthew Wellington. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa, akasoma Nasik. Baadaye alikuwa kati ya wale waliobeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo, mpaka pwani mwaka 1873 na 1874. Alizeeka akafa Mombasa mwaka 1935. Matthew Wellington ni jina alilopewa. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Chengwimbe. Hilo tunalijua kwa sababu alilikumbuka na mtu akaliandika. Maelfu ya wengine waliandikwa kwa jina la ubatizo tu. Leo mjukuu wao akiuliza, "Sisi ni wa kilima gani?" hakuna daftari la kumjibu.

Na huko Rabai, karibu na Mombasa, watumwa waliotoroka walikuwa wamejificha kwenye misheni. Januari 1889 zaidi ya 1,400 kati ya waliojificha kwenye misheni za eneo lile walipata hati za uhuru, baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana wao. Karatasi moja, jina juu yake, na mtu hawezi tena kukamatwa njiani. Ninyi wenye kukumbuka kupanga mstari wa jetoni kambini, munajua karatasi inaweza kuwa nini.

TUFANYE NINI

Sasa papa wa mlangoni, nakujibu.

Mabati ni lazima. Mbegu ni lazima. Lakini kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, wengi wetu tulirudi na watoto waliozaliwa chini ya bashi. Nimefanya kazi na watoto hao ku tereni. Nikimuuliza mtoto wa miaka minane, "Unatoka wapi?" ananijibu, "Bloku C." Hana kilima, hana mto, hana jina la shamba la babu. Tukimpa bati bila kumpa hayo, tumemjengea nyumba kwenye mahali ambapo yeye mwenyewe hapajui. Na siku jirani atakapobisha juu ya mpaka wa shamba, wazee wakiwa wamekwisha kufa, atasema nini?

Mombasa ilichomwa mara nyingi ikarudi, juu watu walirudi na vitu visivyochomeka: upishi, lugha, jina la mtaa. Freretown inatuonyesha upande mwingine: watu waliokolewa, walilishwa, walipewa nyumba, lakini wengi walipoteza jina la walikotoka, na hilo hakuna mfadhili aliyeweza kulinunua tena.

Kwa hiyo ninaleta mapendekezo matatu, komite iyajadili.

La kwanza, kila kikundi cha likelemba kiwe na daftari la vijiji. Si orodha ya msaada, hapana. Tunaandika jina la kijiji, kilima, mto, chemchemi, mashamba na mipaka yake, majina ya mababu, na nani alikuwa jirani wa nani. Wazee waseme, vijana waandike. Kila kitu nakala mbili, moja ikae Goma na moja kijijini. Na majirani wa makabila mengine waandikwe pia, wakiwepo na wakiwa hawajarudi. Daftari linalofuta jirani ni moto mwingine.

La pili, mkopo mdogo wa kwanza wa kila eneo la kurudi upewe wamama wapishi: mandazi, uji, sambaza, muhogo. Nimeona kwa macho yangu ku tereni: mahali mama anapowasha jiko la biashara asubuhi, moto inasimama, muuza sabuni anakaja, mwalimu anapata mahali pa kunywa chai. Soko linaanza kwa sufuria.

La tatu, kwa wafadhili. Tunawashukuru kwa mabashi, dawa na mbegu. Tunaomba katika bajeti ijayo mstari mmoja mdogo wa madaftari, kalamu, na chakula cha wazee siku ya kuandika. Ni pesa kidogo kuliko mzigo mmoja wa mabati. Na tunaomba daftari hilo libaki la wenye majina, lisiwe ripoti ya mtu mwingine.

Wanachama wenzangu, kwa wale wanaoweza siku moja kufika Mombasa, nendeni. Muone ngome, mule muhogo wa ndimu, muvuke daraja mpaka Kengeleni. Kwa wasioweza, kazi iko hapa. Jumamosi ijayo, kabla ya mchango, kila mmoja aje na mzee mmoja na jina la mto mmoja. Kalamu nitaleta mimi.